Nyumba Iliyofika Kiunoni

Kuamka kwangu siku hizi si jambo la kukurupuka. Kwanza nafungua macho na kusikiliza. Mgongo ukiwa bado umelala, nauacha ulale. Halafu nakunja magoti, najiviringisha mzimamzima kama gogo, bega na nyonga zikienda safari moja. Miguu inateremka kitandani, mkono unasukuma godoro, nami nainuka. Katikati ya kuinuka pana mahali pabaya. Hapo hunitoka neno ambalo marehemu mama angenizaba kofi kwa kulisema, kisha ninaketi. Nikishaketi, siku yangu imeanza, na mara nyingi huwa siku nzuri.

"Umefika?" mume wangu huuliza kutoka jikoni.

"Nimefika."

"Salama?"

"Abiria wote salama."

Ndipo chai inakuja.

Mume wangu watu wanamwita Timazi. Yeye ni fundi mwashi, na timazi ni ile kamba yenye kitonge cha chuma ambayo waashi huining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Aliacha kazi zamani kidogo, lakini akiingia nyumba ya mtu bado anafumba jicho moja na kuchungulia kona. Hajawahi kuukubali ukuta uliopinda, hata kama umepinda unene wa kucha. Amebomoa kuta wenye nyumba wakiwa wamesimama pale pale wanalalamika, akazijenga upya. Mimi namwita Timazi nikiwa nimekasirika. Nikiwa sijakasirika namwita mzee.

Mgongo wangu ulivunjwa na godoro. Nililiinua nilitoe nje lipigwe na jua, kama nilivyofanya tangu niolewe, nikasikia tak! kama ukuni mkavu. Nikadhani ni ubao wa kitanda. Nikainama nitazame, na hapo ndipo nilipojua kuwa kitanda hakina kosa.

Binti yetu wa mwisho ni mwokaji mikate. Ana mikono iliyozoea magunia ya unga, basi alininyanyua mimi bila hata kupumua kwa nguvu, akanipeleka hospitali. Daktari wa mifupa tuliyemkuta ni msichana mpole mwenye miwani mikubwa. Alitundika picha ya mgongo wangu mbele ya taa.

"Bibi, mifupa yako imepungua nguvu. Ndani imefanya vitobo vitobo kama mkate. Hizi pingili mbili zimevunjika, zimebonyea kama kopo lililokanyagwa."

Timazi akasogea, akafumba jicho moja.

"Tofali hili limeliwa," akasema. "Na hili la chini yake limeshuka. Ndiyo maana ukuta wote unainamia mbele."

"Ndivyo hasa, babu."

"Nani alijenga hapa?"

"Baba," binti yetu akasema, "huo ni mgongo wa mama."

"Si nimeuliza tu."

Nilicheka, na kucheka kukaniuma mpaka machozi. Daktari akangoja nitulie, akaeleza. Wangenilaza kifudifudi, wapitishe sindano nene kwa nyuma, wajaze saruji ndani ya pingili zilizovunjika. Saruji ikishika, mfupa hauchezi tena, na wengi hupata nafuu kubwa. Ila mashine ya kuongozea sindano iko hospitali kubwa, na foleni yake ni ndefu. Tungepigiwa simu. Mpaka hapo nivae mkanda, nimeze dawa, nisiiname, nisinyanyue hata birika lililojaa.

"Saruji," Timazi akasema.

Nilifikiri amefurahi, kwamba leo daktari ametaja kitu anachokijua.

Kesho yake nikiwa kitandani nikasikia mwiko. Mtu aliyeolewa na mwashi anaujua mwiko kama mwingine anavyomjua jogoo. Kwaruu, pap. Kwaruu, pap. Nikajikokota mpaka jikoni. Jiko langu lilikuwa limepanda! Alikuwa amelijengea jukwaa la matofali, likanifika kiunoni sawasawa.

"Kuinama kwa nini?" akasema, bila kugeuka. "Mtu alipigie magoti jiko?"

Hakuishia hapo. Rafu ya chumvi na sukari, niliyokuwa siifikii tena maana nimefupika hata magauni yangu yote sasa yanafagia sakafu, aliishusha. Pipa la maji akaliinua. Kitanda akakitia matofali chini ya miguu ili kushuka kuwe rahisi. Bafuni akanijengea kiti cha saruji, akakisugua kwa jiwe mpaka kikawa laini kama sabuni. Kila cha chini kilipanda, kila cha juu kikashuka, mpaka nyumba nzima ikakutana nami kiunoni. Jirani yangu muuza mayai alikuja kunijulia hali, akazunguka vyumba vyote mkono mdomoni.

"Shoga, wako anakujengea. Wangu nikivunjika atanipeleka kwetu!"

"Mkopeshe huyu wangu wiki moja."

"Wiki moja haitoshi, nyumba yangu yote iko sakafuni."

Nisiseme uongo, nilikuwa na raha. Maumivu yalikuwepo, tena mengine ya kuuma meno. Kusimama muda mrefu sikuweza, na kukohoa nilikuogopa kuliko nyoka. Lakini asubuhi nilikaa kwenye kiti changu chenye mto mgongoni, nachambua maharage juu ya meza iliyonifikia, redio inazungumza, mzee anapima hiki na kile huku anaimba vibaya. Miaka yote alikuwa akijenga nyumba za watu. Yetu ilikuwa ya mwisho kwenye foleni. Sasa na mimi nilikuwa na fundi.

Simu ikaja siku binti yetu yupo, bado ana unga kwenye nywele. Akaipokea, akaitika ndiyo, ndiyo, asante sana, akakata na kupiga kigelegele.

"Mama! Jumanne! Zamu yako imefika!"

Timazi alikuwa ukumbini akipima ukuta kwa futi. Hakugeuka.

"Jumanne haiwezekani," akasema. "Jumanne naanza reli ya kushikilia, kutoka chumbani mpaka chooni."

"Reli ya nini, baba? Jumanne mama anatibiwa."

"Wapigie waambie wasogeze mbele."

"Wakisogeza tunarudi nyuma ya foleni! Umesikia lakini? Nyuma kabisa!"

"Nimesikia. Sijaziba masikio, nimeshika futi."

Binti yetu akanitazama. Mimi nilikuwa natazama ukuta ule. Nikatazama jikoni, rafu, pipa, kile kiti cha bafuni ambacho ungeweza kukikalia hata ukiwa na miaka mia. Ndipo nikaelewa nilichokuwa nakishangilia. Mtu hamjengei mgonjwa wa kupona kiti cha saruji. Anamletea stuli.

"Mwanangu, hebu kaangalie kama nguo zimekauka," nikasema.

"Sijaanika nguo, mama."

"Basi kaangalie kama hazijaanikwa."

Akatoka.

"Timazi," nikamwita. Alijua kuwa si mzee tena hapo. "Unanijengea maradhi."

"Nakujengea nyumba."

"Unanijengea maradhi yakae vizuri, yasiondoke. Huitaki ile saruji. Sema."

Akaweka futi chini. Akaja akaketi mbele yangu, akanyoosha mikono juu ya meza, viganja juu. Vidole vyake havina mistari. Saruji imeila yote. Simu ya binti yetu hufunguka kwa kidole, lakini yeye akiigusa hata haishtuki.

"Hii ndiyo saruji," akasema. "Naijua mimi. Ukikosea kwenye ukuta, unachukua nyundo, unavunja, unaanza upya. Mimi nimevunja mara ngapi? Ikishika ndani yako vibaya, nitavunja nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mkaidi, kumbe nimeletewa mtu mwenye hofu. Nikashika ile mikono, mikavu kama gunia.

"Mimi naumwa, mzee. Nacheka, lakini naumwa. Nataka kulala ubavu wa kushoto. Nataka kupiga chafya bila kuaga watu kwanza."

Akaitazama mikono yangu juu ya yake.

"Bila wewe siendi," nikasema. "Na nikienda sirudi bila saruji. Kwa hiyo angalia utakavyofanya."

Akakwaruza meza kwa ukucha.

"Nitakwenda kukagua," akasema. "Kukagua tu. Kazi ikiwa mbovu tunarudi nyumbani."

Jumanne tukafika hospitali kubwa, binti yetu akisukuma kiti changu cha magurudumu na Timazi akitembea pembeni akiwa na shati lake la mwisho kabatini, lile la harusi za watu. Daktari wetu wa miwani ndiye aliyekuwa zamu. Alipokuja kunisalimia, Timazi hakumwachia nafasi hata ya kumaliza salamu.

"Mchanga mnatumia upi?"

Binti yetu akafumba macho.

"Haina mchanga, babu," daktari akasema, wala hakucheka. "Tunaiita saruji kwa sababu inashika, lakini si ile ya kujengea. Ni unga wake na maji yake maalumu."

"Kwa hiyo haili mwili kama hii?" Akamwonyesha vidole.

Daktari akavishika, akavigeuza kwenye mwanga. "Haili namna hii."

"Anayechanganya nani?"

"Mimi hapa," akasema muuguzi aliyekuwa akinivisha gauni la kijani. Alikuwa mama wa makamo, kifua mbele, sauti ya sokoni. "Unataka kunifundisha?"

"Nataka kuona ilivyoshika."

Muuguzi akamtazama daktari, daktari akatikisa kichwa kukubali. Akaingia ndani, akarudi na kidonge cheupe kwenye kitambaa. Kilikuwa kimebaki kwenye bakuli la kuchanganyia asubuhi hiyo, kikakaukia humo humo. Timazi akakipokea kama mtu anayepokea yai. Akakinusa. Akakigonga kwa ukucha karibu na sikio, mara ya kwanza, mara ya pili. Akatoa ufunguo wa nyumba akakikwaruza, akapuliza, akatazama. Sisi wote tukawa tunamngoja yeye, hata aliyekuwa anapita na ndoo ya kudekia alisimama.

"Imeshika," akasema taratibu. "Na wakati mnajaza, ikikimbilia pasipotakiwa?"

"Mara chache inaweza kupenya nje," daktari akasema. "Sikufichi. Ndiyo maana tunaitia kidogo kidogo, macho yetu kwenye mashine. Tukiona inaelekea pabaya, tunasimama."

"Hata kama haijajaa?"

"Hata kama haijajaa."

Niliona mabega yake yakishuka. Mafundi aliogombana nao maisha yake yote ni wale wasiojua kusimama.

"Swali la mwisho," akasema. "Atanyooka?"

Daktari akavua miwani. "Hapana, babu. Urefu wake haurudi. Tutazishikilia pingili pale pale zilipo ili zisiendelee kushuka. Kupinda kidogo kutabaki."

Hapo nikaogopa mimi. Nilimjua mtu wangu. Huyu ni yule yule aliyebomoa kuta za watu kwa kupinda kidogo. Akanigeukia. Nilikuwa nimekaa na gauni la kijani, nimeinamia mbele kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, nikangoja afumbe jicho moja.

Hakufumba. Alinitazama kwa macho yote mawili.

"Basi uacheni mgongo ulivyo," akamwambia daktari. "Msiusumbue kuutafutia wima. Jazeni tu."

Binti yetu akageukia dirishani, akapenga kamasi kwa kelele. Muuguzi akaniviringisha kitandani kama gogo, vile vile ninavyojiviringisha asubuhi, na pale mahali pabaya palipofika nikatoa lile neno langu. Muuguzi akasema, "Heh! Bibi!" akacheka.

"Na zile rafu?" nikamuuliza mzee, shavu langu likiwa kwenye mto. "Utazipandisha tena?"

"Si umesikia urefu haurudi? Zinabaki." Akafikiri. "Reli ndiyo siijengi. Utashika mkono wangu."

Kitanda kikaanza kutembea. Gurudumu lake moja lilikuwa linalia, na nikajua kuwa amelisikia na linamkera. Mlango ukafunguka. Nyuma yangu nikamsikia akiita, kwa sauti ile ile ya jikoni, kana kwamba chai iko tayari.

"Umefika?"

"Bado!" nikajibu. "Ndiyo kwanza napanda!"