Zeze la Waya wa Breki

Usiku wa jana niliota, na ndoto zangu, nawaambieni, hazijawahi kukosea. Ile ya mwaka juzi ilisema nitanenepa. Gauni nililoshona kujiandaa sasa nafunikia mahindi.

Mimi ni mpiga zeze. Leo mjukuu wangu Nyemo anaolewa, na juzi nyuzi zangu za utumbo wa mbuzi zililegea kabisa. Nikachomoa waya wa breki kwenye baiskeli ya mume wangu, Mzee Ndahani, nikafunga huo. Hakuniona. Lakini zeze likaanza kukwaruza, na wifi yangu Mwendwa akasema likikwaruza harusini atapiga yeye lake. Bora nimeze upinde.

Basi ndotoni zeze linaingia jikoni, limejifunga kanga shingoni.

“Bibi, shingo inaniuma. Utumbo ulinivuta kwa adabu. Huyu ananivuta kama punda aliyeona maji.”

“Na mimi,” waya ukadakia, “umenilaza kwenye kitanda cha utumbo, mfuo aliochongewa mtu mnene yule! Nabingirika kutwa, ndiyo maana nakwaruza.”

Baiskeli ikapita katikati yetu. “Shikamoo bi—” Ikatokea ukutani. Haina breki.

Nageuka kuchukua kisu, jiko limekuwa zahanati. Muuguzi ni kile kijiti kinachoinua nyuzi, kimevaa kofia nyeupe.

“Kwa waya nimesimama juu mno,” kinasema. “Nipunguze.”

“Wapi?”

“Miguuni. Kichwa nina kazi nacho.”

Nikakipunguza miguu. Waya nikauchongea kitanda chembamba, shingo nikailegeza kidogo. Maumivu yakaisha.

“—bi,” ikasema baiskeli, ikirudi.

“Marahaba,” nikaitika, lakini ilishapita.

Akaja mbuzi wetu. “Nimefuata utumbo wa marehemu bibi yangu.”

“Una karatasi?”

“Nina sura yake.”

Kweli anayo. Nikampa nyuzi kuukuu, akajifunga kiunoni kama shanga.

Nikaamka, nikafanya kama ndoto ilivyoniagiza. Nikalijaribu zeze: sauti safi, hakuna mkwaruzo! Bado namcheka wifi Mwendwa, Mzee Ndahani akaingia anachechemea, matope hadi masikioni.

“Mama Sechelela, waya wangu wa breki umeuona?”

“Waya upi tena, baba? Mimi nyuzi zangu ni zilezile za utumbo. Hujasikia nilivyopiga?”

Nyuma yake, mlangoni, mbuzi akapita taratibu, nyuzi za utumbo kiunoni.

Mzee akamtazama mpaka akaishia.

“Kapendeza,” akasema. “Na zeze, limevaa nini?”