Zoezi la Kusikiliza

Mshauri wa wanafunzi wa saikolojia alikuwa na jibu la kila kitu, na hiyo si sifa ndogo katika idara ambayo nusu ya wanafunzi huingia wakidhani watafundishwa kusoma mawazo ya watu. Ukigonga mlango wake akili imevurugika, unatoka na njia tatu mkononi: uendelee na masomo ya juu upate kibali cha kuketi na wenye matatizo, uende mashuleni ukawashauri watoto, au uingie maofisini kushughulikia mambo ya wafanyakazi. Shahada ya kwanza peke yake, alizoea kuwaambia, haikufanyi daktari wa nafsi za watu. Inakufundisha tu kwamba wewe si daktari. Wanafunzi walicheka, naye alipenda wacheke. Walimpachika jina la Dira, na jina lilipomfikia hakulikataa hata kidogo.

Siku hiyo aliingia msichana wa mwaka wa mwisho, mmoja wa wale wanaokaa safu ya mbele na kuandika mpaka kikohozi cha mwalimu. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea ushauri nasaha, na Dira mwenyewe ndiye aliyempigania. Akakaa ukingoni mwa kiti, begi mapajani.

"Mwalimu, nimekuja kuiachia ile nafasi."

"Kuiachia? Nyumbani wamekataa?"

"Hapana."

"Umepata mchumba?"

"Jamani, Mwalimu! Hapana."

"Sasa umepatwa na nini, mwanangu? Wenzako wanatoana macho kwa nafasi hiyo."

"Kazi hii siiwezi. Nataka ya maofisini. Huko mtu akikufuata, anataka likizo tu."

Ikabidi Dira amvute maneno moja moja. Shida ilianzia kwenye zoezi la kusikiliza. Kila mwanafunzi hutafuta mtu mzima nje ya chuo, akamsikiliza mara kadhaa bila kumpa ushauri hata chembe. Dira ndiye aliyelibuni zoezi hilo, na kila mkutano wa walimu lazima alitaje. Msichana alikuwa amemchagua mama mmoja fundi cherehani. Mwanzoni mazungumzo yalikuwa ya vitambaa na wateja wanaoleta kazi leo wakiitaka jana. Halafu juzi yule mama akasimamisha cherehani, akamshika mkono, akauweka kwenye titi lake la kushoto.

"Kuna uvimbe, Mwalimu. Mgumu. Na ngozi imebonyea. Hospitali hajakanyaga, na hataki. Kaniapisha nisimwambie mtu."

Dira alishtuka, lakini ulikuwa mshtuko wa kazini, ule wa kushtuka huku unatafuta kalamu.

"Anaogopa nini?"

"Anasema ana mtoto mmoja tu, na huyo mtoto ana kazi nyingi. Hataki kumtwisha mzigo."

"Upuuzi mtupu!" Dira akapiga meza. "Na huyo mtoto naye ni mtoto gani asiyejua hali ya mama yake? Anaishi mbali?"

"Yupo hapa hapa mjini."

"Basi ndio hao! Wamejaa tele. Anapiga simu mara moja moja, anauliza presha vipi, anajiona kamaliza."

Msichana aliinama, akawa anafungua na kufunga zipu ya begi. Dira alidhani ni woga, akalainisha sauti.

"Nisikilize. Wewe bado hujawa mshauri nasaha, wewe ni jirani aliyeambiwa jambo. Jirani akiona moshi kwa mwenzake anapiga kelele. Mtafute huyo mtoto, umwambie. Leo."

"Mama akinichukia?"

"Akuchukie akiwa hai."

Msichana akainua uso. Machozi yalikuwa yameshamjaa.

"Nimeshamwambia, Mwalimu."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Dira akageuka kutazama mlango, akidhani kuna mtu ameingia. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Mimi ndiye mpangaji wa chumba cha uani," msichana akasema. "Kwa mama. Picha yako ya mahafali ipo ukutani, juu ya cherehani."

Fundi cherehani! Neno hilo Dira alilisikia kwa masikio yake mawili na halikumgusa popote, wakati ada zake zote, tangu shule ya msingi, zilitoka chini ya sindano ile. Na habari za huyo mpangaji alikuwa ameshaambiwa: mama alimwambia kwenye simu kwamba kapata binti mtulivu, mwanafunzi. Yeye alikuwa anajibu barua pepe. Akasema vizuri, Mama, lakini muandikishane mkataba. Hakuuliza binti huyo anasoma wapi.

Waliondoka pamoja. Wanafunzi waliokuwa foleni nje waliona Dira akiwapita mbio bila salamu, wakatazamana. Ndani ya gari Dira akakosea njia ya kwenda nyumba aliyokulia, na hilo lilimtisha kuliko yote.

Mama yake aliwatazama wakiingia, mmoja nyuma ya mwingine, akajua.

"Umesema," akamwambia msichana.

"Nimesema, mama. Nisamehe."

"Haya." Akarudi kukanyaga cherehani.

"Mama, inuka twende hospitali," Dira akaanza, maneno yakimtoka mbio. "Nina mtu ninayemfahamu pale, tukifika atatupokea, halafu kuna vipimo vya..."

"Leo una wanafunzi. Nenda kazini."

"Mama!"

"Siendi."

Dira akauliza, taratibu: "Ulianza kuuona lini?"

Mama yake aliukata uzi kwa meno kabla hajajibu.

"Unalikumbuka gauni lako la buluu? Lile la sherehe ulipopandishwa cheo, mwaka jana?"

"Nalikumbuka."

"Ulisema huna nafasi ya kuja kupimwa. Nikalipima mwilini mwangu, maana miili yetu ni sawa. Nilipokuwa nabana kifuani ndipo mkono ukakutana nao."

"Mwaka jana! Na hukuniambia?"

"Nilitaka. Nilijipanga nikwambie ukija kulichukua. Ukaja, ukaliacha gari linaunguruma nje."

Dira alikaa sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa, akalia kwa sauti mbele ya mwanafunzi wake, bila aibu, kilio cha mtu aliyepigwa. Mama yake alimwacha alie. Alimtazama muda mrefu, mikono imetulia juu ya meza ya cherehani. Kisha akamwambia msichana aende chumbani, chini ya kitanda, amletee viatu vyake vya kutokea.