Kulaza Moteri ya Protais

Kesho yake ziwa lilikuwa linafungwa. Miezi mitatu hakuna wavu, hakuna taa za ndagala, serikali imesema samaki waachwe wazae. Kila mwenye moteri Uvira alikuwa ameishusha kutoka kwenye mtumbwi na kuileta nyumbani kuilaza. Moteri ukiitupa tu kwenye pembe ya nyumba na esanse, petroli yake, ndani ya tumbo lake, siku ziwa linafunguliwa unavuta kamba ya maiti.

Miaka ya nyuma kazi hiyo ilikuwa ya fundi Clovis. Aliifanyia hapa hapa uani, Protais akimshikia funguo, na Mama Félicité, mama yake Protais, akichambua ndagala pembeni huku macho yake yakifuata mikono ya fundi. Mwaka huu Protais alikuwa na wiki tatu kaburini, na Clovis alikuwa kwenye kasho la polisi kwa ajili ya kifo hicho. Basi mama akashika funguo mwenyewe. Moteri ile ndiyo peke yake iliyobaki ya kuwalisha mkwe wake Laurette, mjane wa Protais, na mtoto wake wa miezi saba.

Protais alikuwa anarudi kutoka Makobola, mchana, upepo umeanza kuamka. Moteri ikakohoa, ikazima. Akasimama nyuma kuvuta kamba. Akavuta, akavuta, wimbi likamjia kwa ubavu, likamfagia kama makombo ya mezani. Mwenzake Héritier alifika pwani na mtumbwi mzima, na moteri haijazama hata kidogo, lakini bila Protais. Na moteri hiyo ilikuwa imetoka kwa Clovis wiki moja tu kabla ya hapo. Na siku ya kuichukua, Protais alimwambia Clovis mbele za watu kwamba mikono yake inatetemeka kwa pombe. Bonaventure, kaka mkubwa wa marehemu, akajumlisha hayo yote na kupata jibu lake. Vijana walimpiga Clovis kabla polisi hawajamchukua.

Leo saa nane Bonaventure alikuwa aje kumchukua mama yake, akaweke kidole kwenye karatasi, ili Clovis apelekwe gereza kubwa. Afisa alisema karatasi bila kidole cha mama mzazi haina nguvu.

"Mama Protais, njo umekuwa fundi?" aliuliza jirani Olga kutoka ng'ambo ya ukuta. "Nikuletee basi redio yangu, nayo inakohoa."

"Ilete. Ikikataa kupona, tutaitwanga pamoja na majani ya sombe."

Olga alicheka, kisha akakumbuka kwamba nyumba ile ina msiba, akaondoa kichwa chake ukutani.

Mama Félicité alikuwa ameifunga moteri kwenye mti mnene, mguu wa moteri umezama katika nusu-pipa ya maji safi. Clovis alikuwa anaanzia chini, naye akaanzia chini. Alimwaga yale maji, akafungua skrubu ya mguuni, akakinga mafuta kwenye kiganja. Clovis alimwonyesha mwaka jana: mafuta yakiwa meupe kama chai ya maziwa, ujue maji yameingia, fundi alifunga vibaya. Haya yalikuwa meusi na safi. Aliyatazama muda mrefu. Kisha akaweka mafuta mapya, akafunga, akajaza tena pipa, akaunganisha mpira wa esanse kwenye bidoni ile ile ya siku ile, lile dumu la njano, ambayo ilikaa nyuma ya mlango na kifuniko chake tangu walipoirudisha.

"Vuta," alimwambia Laurette.

Laurette alivuta, mtoto akirukaruka mgongoni. Akavuta mpaka jasho. Moteri ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

"Mama, acha. Imekufa na mwenyewe."

"Haiyakufa. Kuna kitu inakataa kumeza."

Chini ya karabireta kuna skrubu ndogo. Clovis alikuwa anaifungua mwisho, ili esanse isikauke ndani na kuziba njia. Mama Félicité aliifungua sasa, akakinga kwa gilasi ya chai. Esanse ya moteri huwa na rangi ya kijani kidogo kwa ajili ya mafuta wanayochanganya. Hiki kilichotoka kilikuwa cheupe kama machozi. Alikinusa. Alikitia ulimini.

Alichukua chupa tupu, akamimina ndani yake kilichobaki kwenye bidoni, akaiweka juani. Ikatulia. Juu kijani, chini maji, vidole viwili vizima.

Kisha akafanya jambo ambalo Laurette hakulielewa. Aliosha bidoni kwa maji na Omo, akaisuuza, akaisimamisha kichwa chini ukutani, akaketi. Aliketi mpaka kivuli cha ukuta kikafika kwenye miguu yake. Bidoni haikudondosha tena hata tone. Ndipo akaisimamisha tena wima, akaitingisha. Ndani kukasikika maji. Mkono wa kushikia bidoni ya njano una uwazi ndani yake, na ukiigeuza kichwa chini, maji yanashuka na kulala mule mkononi. Ukiisimamisha yanarudi tumboni.

"Laurette."

"Mama."

"Bidoni hii niliiosha jioni, na asubuhi yake Protais akaondoka nayo. Aliniuliza, Mama, imekauka? Nikasema imekauka. Sikuangalia."

Laurette alikaa chini, polepole, kama mtu aliyebeba kitu kizito kichwani.

"Ni minye nilikuambia uoshe," alisema. "Nilisema harufu inamutapisha mutoto. Nilisema bidoni yenu itatuua humu ndani."

"Ulisema."

"Bonaventure akisikia, atanifukuza. Mutoto atabaki kwake. Mama, unamujua mwana wako."

Mama Félicité alimjua. Alimtazama mtoto, ambaye alikuwa amelala na mdomo wazi, akafunga kifuniko cha chupa.

Bonaventure alifika na pikipiki kabla ya saa nane, amevaa shati la kanisani. "Mama, twende, shefu anatungojea. Mbona weye uko na mafuta mikononi?"

Alimwonyesha chupa. Alimweleza, bila haraka, bidoni, mkono wa bidoni, swali la Protais na jibu lake. Harufu hakuitaja.

Bonaventure aliangalia ule mstari kati ya kijani na nyeupe.

"Mwaga hiyo."

"Kwa nini?"

"Mwaga, Mama. Muntu tulimupiga. Minye mwenyewe nilikuwa na mti mkononi, nilisikia mufupa wake. Sasa unataka waseme nilimuvunja bure? Unataka muji wote waseme mama yake njo alimuua?"

"Watasema."

"Na weye utaishi aje?"

"Sijui. Niletee sandali zangu."

Hakumletea. Alizifuata mwenyewe. Bonaventure alimpeleka kwa sababu pikipiki ilikuwa inangoja na majirani walikuwa wanatazama, lakini njia nzima hakugeuza kichwa.

Afisa alikuwa na karatasi tayari na wino wazi. "Weka kidole hapa, Mama, pole sana."

"Andika kwanza nitakayosema."

Ilimchukua afisa muda kuelewa. Alishika chupa, akaitingisha, akangoja maji yashuke tena, akaitingisha mara ya pili kama mtoto. Nyuma yake, kwenye nondo za kasho, Clovis alikuwa amesimama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha khanga, na vidole vilivyotokeza vilikuwa vimevimba.

"Nani alikutuma kuosha bidoni?" aliuliza afisa. "Hapa lazima niandike."

"Hakuna. Harufu ilinisumbua minye."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akaandika. Mama Félicité akaweka kidole. Afisa akasema mkubwa wa kumtoa mtu ameondoka, warudi kesho, au kesho kutwa. Bonaventure hakungoja asikie mwisho. Pikipiki ilisikika nje ikiwaka na kuondoka.

Mama alisogea kwenye nondo. Alikuwa na maneno, alikuwa ameyapanga njiani, lakini Clovis alitangulia.

"Buji za kuwasha moto ulitoa?"

"Bado."

"Zitoe leo. Kama karabireta imekunywa maji, na vyumba vya ndani vimekunywa. Tia mafuta kijiko kimoja kila tundu, uvute kamba polepole, mara kumi. Ukiacha mpaka kesho, itashika kutu."

"Clovis, mwanangu."

"Mara kumi," alisema Clovis. Akageukia ukuta na kubaki hivyo, mkono wake mbovu ameukumbatia kwa ule mzima.

Mama Félicité alitoka nje. Kutoka pale mpaka nyumbani ni mwendo mrefu kwa miguu yake, jua lilikuwa limeanza kushuka juu ya milima, na buji zilikuwa mbili. Akaongeza hatua.