Jioni ya Bei Kubwa

Merv Tregenza alikuwa mtu wa kubana matumizi tangu enzi zake kwenye tanuri za kuyeyushia madini, pale katika mji wa Port Pirie. Alipofunga paneli za sola juu ya paa, kampuni ya umeme ilinunua umeme wake wa ziada kwa bei nzuri, naye akawa anatembea mjini kifua mbele. Kisha mtaa mzima ukafunga paneli. Umeme wa mchana ukazagaa kama mchanga, bei ikaporomoka mwaka hadi mwaka, mpaka mauzo ya siku nzima hayakutosha kununua bia moja. "Wananinyang'anya jua langu," alilalama baa, kanisani, hata kwa kinyozi. Watu wakaanza kumkwepa.

Ndipo alipokopa akanunua betri. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: ahifadhi umeme wa mchana, auuze jioni za joto kali, wakati kila nyumba imewasha kiyoyozi na bei imepaa. Jioni kama hizo ni chache kwa mwaka, lakini moja tu huweza kulipa zaidi kuliko miezi kadhaa ya mauzo ya kawaida.

Januari hiyo upepo wa kaskazini ulivuma kutoka jangwani siku tatu mfululizo. Siku ya tatu, jua likianza kuinama, simu ya Merv ikatoa mlio: bei imepanda. Akazima kiyoyozi, akateremsha mapazia.

"Tena?" mkewe Coralie aliuliza. Alikuwa mgonjwa wa moyo, na vidonge alivyomeza vilimkausha maji mwilini.

"Masaa mawili matatu tu, mama. Umeme wa leo ni dhahabu, tuutumie kupozea makochi?"

"Na mimi nikiyeyuka, utaniuza bei gani?"

"Nitakupeleka mnadani. Wateja hawakosekani."

Coralie akacheka, akampiga na gazeti alilokuwa akijipepea.

Baadaye kidogo jirani yao Voula, mjane wa Kigiriki mwenye sauti ya kengele, aligonga mlango. "Njooni kwangu! Nyumba baridi kama friji la bucha. Coralie, uso wako mwekundu, bibie."

Coralie alimtazama mumewe. Merv akajibu haraka, "Tuko sawa, jirani." Coralie hakutaka kumwaibisha mbele za watu. "Nenda tu, Voula. Tumezoea."

Mlango ulipofungwa alishika meza. "Merv, washa kidogo. Kichwa kinanizunguka."

"Nusu saa tu. Bei ndiyo iko kileleni sasa hivi. Kunywa maji." Alimlowanishia taulo, akamzungushia shingoni kwa upole, kisha akatoka kwenda bandani kutazama betri. Alisimama pale akitabasamu, tarakimu zikipanda, akiwaza mkopo utakavyoisha mapema.

Aliporudi, Coralie alikuwa sakafuni. Ngozi yake ilikuwa kavu, ya moto kama sufuria, naye alikuwa akimwita mbwa wao aliyekufa miaka mingi nyuma. Merv alikimbilia kiyoyozi, akakiwasha mpaka mwisho, akapiga simu, akammwagia maji huku akisema, "Nimewasha, mama. Nimeshawasha."

Gari la wagonjwa halikuchelewa. Lakini moyo ulikuwa umeshachoka, na kesho yake mchana Coralie akafariki.

Malipo ya jioni ile yaliingia benki wiki ileile ya mazishi. Yalikuwa mazuri, kama alivyotabiri.

Leanne, binti yao pekee, alikuja kutoka Adelaide. Waombolezaji walipotawanyika, alimkuta babake jikoni, bado kavaa tai.

"Baba, Voula kaniambia aliwaita. Mama alikuomba uwashe?"

Merv angeweza kusema hapana. Hakukuwa na shahidi. Alivuta kiti, akabaki amekishika.

"Aliomba."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nusu saa."

Leanne aligeukia sinki. Alimaliza kuosha vikombe vya wageni, akavifuta kimoja kimoja, akachukua ufunguo wa gari.

"Utakula nini leo?"

"Kuna nyama ya kondoo imebaki."

"Haya."

Tangu siku hiyo huja mara mojamoja, humletea mboga na dawa za presha. Huketi naye barazani, wakazungumzia mvua na hali ya barabara. Ndani haingii.