Jicho la Kuchambua Koma

Kiingereza cha Mumbi kilianzia na kuishia kwenye "gudimoni". Lakini alama za uandishi wake alizijua zote, na atakayebisha aje Kawangware wapambane.

Aoko, mpangaji wake aliyetoka kando ya Ziwa kuja kusomea taipu, alikuwa na vidole vyenye haraka ya moto. Vilikimbia, koma zikabaki nyuma. Ofisi mbili zilikuwa zimeshamnyima kazi kwa makosa hayo hayo. Ndipo Mumbi akajitolea kumkagulia karatasi. Fulstopu, akamfundisha, hufunga sentensi; koma ni ya kupumua. Alama za usemi aliziita mapacha: wa kufungua akija mbele, sharti wa kufunga afuate nyuma. Mwanamke aliyezoea kuokota kijiwe kimoja katika debe zima la maharagwe angeshindwa na koma?

Jumamosi moja mchana Aoko akaleta barua ya tatu ya kuomba kazi. "Mama Ndungu, angalia hii vizuri. Nikipata hii kazi nahamia Nyayo Highrise kwa dadangu Mildred. Huko maji iko ndani ya nyumba!"

Mumbi akacheka, lakini moyo ulimwuma. Tangu mwanawe Ndungu ahamie Nakuru, aliyempikia uji akiugua ni huyu Mjaluo. Wa kugombana naye juu ya chumvi, huyu huyu. Jamani, alimpenda. Akapitisha kidole mstari kwa mstari. Kwenye mstari wa sita pacha wa kufungua alikuwapo. Wa kufunga hakuwapo.

"Iko sawa?" Aoko akauliza.

"Iko sawa."

Aoko akaifunga bahasha, akatoka mbio. Alipofika langoni akageuka kumpungia mkono, uso mzima umejaa furaha.

"Aoko! Rudi hapa!" Kuku walitawanyika kwa ukali wa sauti ile. "Nimekudanganya. Mstari wa sita, pacha mmoja hayuko."

Aoko akapasua bahasha, akatazama. "Kwani ulikuwa umeona?"

"Niliona."

"Sasa mbona ukanyamaza?"

"Nyayo ni mbali," Mumbi akasema, machozi yakamtoka bila aibu.

Aoko alimkumbatia, akaingia ndani kupiga barua nyingine, polepole safari hii. Mumbi akaikagua mara tatu. Kisha akavaa viatu vya kanisani, wakaenda pamoja hadi posta, akaitumbukiza barua kwa mkono wake mwenyewe.