Mtungi Chini ya Jiko

Mtungi ule wa gesi niliununua mimi. Baada ya kupasuliwa bega sikuweza tena kuinua mitungi ya chuma iliyokuwa ikiacha kutu kila mahali kwenye boti ya marehemu baba. Nikachukua huu wa nyuzi za kioo na plastiki ngumu: mwepesi, unabebeka kwa mkono mmoja, na ukiuinua kwenye mwanga unaona gesi imefika wapi. Nikauweka mahali pake, kwenye sanduku la nyuma lenye tundu la kutokea nje, ili gesi ikivuja ishukie baharini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikikosa njia, hutambaa hadi ngama, chini kabisa ya boti, ikatulia huko kungoja cheche.

Haya yote mdogo wangu Torgeir anayajua. Boti ni yetu sote wawili, na tumekulia humo, kwenye visiwa vya nje ya mji wa pwani wa Lillesand.

Mwezi wa saba zamu yake ya kuitumia ilipokwisha, mimi na mume wangu Halvard tulikwenda kuipokea boti. Nilishuka ndani nichemshe kahawa. Kiberiti kilikuwa tayari mkononi niliponusa gesi.

"Halvard, usiguse swichi! Rudi nje!"

Nilifungua kila dirisha, nikang'oa mbao za sakafu upepo upite. Nyuma ya masufuria, chini ya jiko, nikaukuta mtungi wangu. Nikafunga koki. Kwenye sanduku lake kulijaa makreti ya bia.

Torgeir akaja gatini akitafuna andazi, pamoja na mkewe Gunnvor.

"Dada, mbona umeianika boti kama nguo?"

"Nani kauhamisha mtungi?"

"Mimi. Huo si chuma bwana, haulipuki. Muuzaji mwenyewe kasema."

"Mtungi haulipuki! Na gesi iliyojaa ngama je? Nayo ya plastiki?"

"Makelele tu. Kama mama yetu kabisa wewe."

Nilingoja boti ipate hewa ya kutosha, nikafungua koki kidogo, nikapaka maji ya sabuni pale alipounga kipande cha mpira wa gesi kati ya mtungi na jiko. Povu likaumuka.

"Tazama."

Akainama. "Si viputo vidogo tu hivyo?"

Nikafunga koki, nikammwagia bakuli zima la maji ya sabuni usoni.

"Una wazimu?"

Gunnvor akauliza, "Torgeir, mjukuu wetu juzi alilala wapi?"

Akajifuta macho. "Pale kwenye benchi."

"Benchi gani?"

"La karibu na jiko."

"Toa bia zako," Gunnvor akasema. "Moja moja. Nakutazama."

Alizitoa, amenuna, akizibwaga gatini. Halvard akanunua mpira mpya, nami nikaurudisha mtungi kwenye sanduku lake. Torgeir akaondoka bila hata neno la samahani.

Mwezi wa tisa alinipigia simu kuuliza lini tutaipandisha boti nchi kavu kwa majira ya baridi, sauti laini, kana kwamba hapakutokea kitu.

"Omba radhi kwanza," nikamwambia.

"Jamani, dada, bado tu umelishikilia hilo?"

Nikakata. Hajapiga tena. Kiangazi kikifika, wifi yangu Gunnvor huja na mjukuu wake, tunatweka tanga, tunakwenda. Torgeir hatumngoji.