Barua Tatu za Likizo

Wifi yangu ni mfamasia. Kwa miaka kumi na moja amesimama kwenye dirisha la dawa la hospitali ninayofanyia kazi na mimi, upande wa masjala, katikati ya mafaili. Kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Zamani dirishani walikuwa watatu. Mmoja akastaafu, wa pili akahamishwa. "Vumilia kidogo, tunaleta watu," meneja utumishi akamwambia wifi. Kidogo hicho kikawa mwaka na miezi minne. Foleni haikupungua hata mtu mmoja. Wifi akawa anasoma vyeti vya daktari, anahesabu vidonge, anaandika bahasha na kupokea simu za wodini, yote peke yake. Hata kiti chake kilitolewa, eti akisimama foleni itasogea haraka.

Nyumbani, kaka yangu akaanza kunung'unika kwamba mkewe amebadilika. Yule mwanamke aliyekuwa akituvunja mbavu kwa vichekesho, sasa alirudi akakaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, akitazama ukuta. Kichwa kilimuuma tangu Jumapili mchana, kwa kuifikiria Jumatatu tu.

"Sina huruma tena, wifi," aliniambia tukiosha vyombo. "Mgonjwa akilia mbele yangu, nasikia hasira. Mimi huyu!"

"Si uombe likizo?"

"Nimeomba mara tatu. Umesahau?"

Niliona aibu. Barua zile nilizigonga muhuri mwenyewe.

Haukupita mwezi, akamhudumia mama mwenye mtoto wa miaka miwili. Mama alifika mlangoni, akasoma maandishi kwenye chupa, akarudi.

"Samahani dada, juzi tuliambiwa nusu kijiko. Leo umeandika vijiko viwili."

Wifi aliichukua chupa, akasoma. Akarekebisha, akamwomba radhi yule mama, kisha akaenda mwenyewe kuripoti kosa lake. Wangapi wangefanya hivyo? Siku mbili baadaye akapewa barua ya onyo kwa uzembe. Na wiki hiyohiyo likabandikwa tangazo: semina ya kuzuia uchovu kazini, wote wahudhurie, saa ya chakula cha mchana. Yaani hata ile nusu saa ya kupumua wakaichukua!

Mwezeshaji alikuja na maputo. Akatufundisha kuvuta pumzi, kutabasamu mbele ya kioo na kupanga muda wetu vizuri. "Uchovu unaanzia kichwani," alisema. "Nani hapa ana swali?"

Wifi akasimama.

"Mimi sina uchovu wa kichwani. Nina kazi ya watu watatu. Nikivuta pumzi, hao wawili watatokea?"

Ukumbi ukaangua kicheko, ila yeye hakucheka.

"Mama, hapa si mahali pake," meneja akamkatiza. "Na kama ulichoka, ungeomba likizo. Sisi hapa ni familia, mlango wangu uko wazi."

Nilitoka mbio hadi masjala, nikachomoa faili la wifi, nikarudi nikihema. Mganga mkuu alikuwa kiti cha mbele. Nikamwekea magotini.

"Barua tatu, daktari. Chini ya kila moja meneja ameandika kwa mkono wake: haiwezekani kwa sasa."

Meneja akaanza kusema mambo ya utaratibu. Mganga mkuu alisoma zote, taratibu, kisha akageuka nyuma.

"Dirishani yuko nani sasa hivi?"

Hakuwepo mtu. Wagonjwa walikuwa wamepanga foleni huko nje huku mfamasia wao akifundishwa kutabasamu.

Semina iliishia hapo. Onyo lilifutwa, na wifi akaenda likizo siku ishirini na nane. Siku nne za kwanza alilala tu, kaka akawa ananipigia simu kwa hofu. Wiki ya tatu akanipigia kulalamika kwamba mkewe anamtania mbele ya watoto, nikajua amerudi. Wafamasia wawili, wale tulioahidiwa mwaka na zaidi, walipatikana ndani ya mwezi. Sasa wifi anatoka kazini saa tisa na nusu, na simu ya kazi ikiita nyumbani, haipokei.

Mimi nilihamishiwa ghala la mashuka kwa kosa la kutoa nyaraka bila idhini. Meneja yupo palepale, ofisi ileile. Juzi alikuja kukagua ghala, akanikuta nikikunja mashuka, akaniuliza kwa upole, "Vipi mama, umetulia sasa?"

"Bado," nikamjibu. "Mtoto yule angemeza vijiko viwili, leo ungekuwa unaniuliza nini?"

Alihesabu mashuka, akasaini daftari, akaondoka.